Gari zima linalovutwa kama bovu

Tulipoanza maisha haya ya kuishi ndani ya gari huku Marekani nilituma picha kwenye kundi la familia la WhatsApp. Ilionyesha gari-nyumba letu likiwa limeegeshwa kando ya barabara kuu, na nyuma yake, likiwa limeunganishwa kwa vyuma viwili vinavyokutana kama herufi A, gari letu dogo aina ya Honda CR-V, magurudumu yote manne yakiwa yamekanyaga lami. Haikupita robo saa dada yangu mkubwa aliyeko Tanga akaleta ujumbe wa sauti, na sauti yenyewe ilikuwa ya mtu aliyekuja kuhani msiba. "Poleni sana, mdogo wangu. Gari limewaharibikia wapi? Na huyo aliyeshika usukani huko nyuma, mbona simwoni?"

Nilicheka, ingawa swali lake lilikuwa la haki kabisa. Kule tulikokulia gari huvutwa kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba limekufa. Hufungwa kamba au mnyororo, kitambaa chekundu kikaning'inizwa katikati ili wengine wasijaribu kupita baina ya magari mawili, na mtu mwenye moyo wake akaketi ndani ya lile bovu, akikodolea macho taa za mbele yake na kukanyaga breki kila kamba inapolegea. Gari letu halina ubovu wowote. Tunalivuta kwa kuwa ni zima na tunataka lifike likiwa zima, na ndani yake hakuna mtu. Kumweleza dada jambo hilo kwa simu kulinishinda, kwa hiyo nimeona niliandike.

Mke wangu, Mama Zuhura, ni muuguzi wa mikataba. Hospitali nyingi za Marekani zinapopungukiwa na wauguzi huwatafuta kupitia mawakala na kuwapa mkataba ambao mara nyingi ni wa wiki 13, na ukiisha, wakala hutafuta mwingine katika jimbo jingine. Miaka ya mwanzo tulikuwa tukipanga nyumba za muda, kila baada ya miezi mitatu tukifunga mizigo na kubishana na wenye nyumba juu ya amana, mpaka mwaka 2019 tulipojikusanya na kununua gari-nyumba lililokwisha kutumika, lenye urefu wa futi 31, yaani mita tisa na nusu hivi, lililojengwa juu ya chasisi ya Ford E-450 na kuendeshwa na injini ya petroli ya silinda 10. Mimi ninatunza vitabu vya hesabu vya wafanyabiashara wadogo, kazi inayohitaji kompyuta na meza tu, na meza hiyo iko nyuma ya kiti cha dereva.

Aliyewahi kulala katika gari la namna hii anaelewa tatizo lake kabla sijalieleza. Ukishafika kambini unasawazisha sakafu kwa jeki, unaunganisha umeme, bomba la maji safi na la maji taka, unasukuma nje ule ukuta wa sebule unaotoka kama droo, na kuanzia hapo kile kitu si gari tena. Zamu ya mke wangu inaanza saa 1:00 usiku, hospitali huwa maili 10 au 15 kutoka kambini, na hakuna mwenye akili atakayekunja nyumba nzima kila jioni, sufuria na yote, kwenda kuiegesha kwenye maegesho ya hospitali. Gari dogo kwetu ni kitendea kazi.

Mwanzoni tulifanya kama wafanyavyo wengi wasiojua, kila mtu akaendesha lake, mimi mbele na nyumba, yeye nyuma na gari dogo. Ilikuwa petroli mara mbili na uchovu mara mbili, na watu wawili wanaosafiri pamoja wasiweze hata kugawana karanga. Tulikwenda hivyo maili 1,100, kwa siku tatu. Jioni ya siku ya tatu Mama Zuhura alizima injini, akashuka, akaniambia bila hasira yoyote, "Baba Zuhura, mimi nimeolewa na taa zako za nyuma." Kesho yake nikaanza kuuliza habari za kuvuta.

Njia ziko tatu. Ya kwanza ni tela kamili ambalo gari dogo hupandishwa juu yake lote, na uzuri wake ni kwamba gari lolote hukubali, lakini tela lenyewe ni zito na ukifika kambini huna pa kuliweka. Ya pili ni kitela kidogo cha magurudumu mawili kinachobeba magurudumu ya mbele tu, ambacho hakifai kwa gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne, kama letu. Ya tatu ndiyo tuliyoichagua, kuvuta gari likiwa limesimama kwa miguu yake yote. Wamarekani wanaosafiri hivi hulitania gari linalovutwa kwa kuliita chura, kwa sababu katika Kiingereza neno la chura na neno la "kilichovutwa" hutamkwa sawasawa, na si ajabu kukuta kibandiko cha chura kwenye kioo cha nyuma.

Si kila gari linaweza kuwa chura, na hapa ndipo watu wanapounguza fedha. Katika giaboksi nyingi za otomatiki, pampu inayosambaza mafuta huzungushwa na injini. Injini ikizimwa na magurudumu yakaendelea kuzunguka, vyuma vya ndani vinazungushwa na barabara huku mafuta yametulia chini, vikasagana vikavu mpaka vikauana, na dereva aliye mbele hasikii lolote. Kwa hiyo wa kuulizwa si muuzaji wala jirani wa kambini, bali ni kile kitabu cha gari kinachokaa kwenye droo ya dashibodi. Jeep Wrangler inapendwa sana na wasafiri hawa kwa sababu kisanduku chake cha kugawa nguvu kina nafasi ya fri, inayotenganisha kabisa magurudumu na giaboksi. CR-V ilikuwa na ruhusa ya kuvutwa hivi hadi toleo la mwaka 2014. Toleo la 2015 likaja na giaboksi ya aina nyingine, ile isiyo na gia za kuhesabika, na ruhusa ikaondoka. Utakuta gari la 2014 na la 2015 yamesimama bega kwa bega kwenye yadi, yanafanana kama mapacha, moja linavutika na jingine ukilivuta siku moja umelizika. Letu ni la 2013, na tulilitafuta kwa miezi minne, kwa kuwa kila mwenye gari-nyumba anatafuta hilohilo.

Kuhusu uzito sitakaa sana, ila nitasema hesabu hii moja. Chasisi yetu imeruhusiwa uzito wa jumla wa paundi 14,500 nyumba ikiwa peke yake, na paundi 22,000 pamoja na kinachovutwa. Mtu wa hesabu atatoa na kupata 7,500, akafurahi kwamba anaweza kuvuta paundi 7,500. Chuma cha kuvutia kilichofungwa nyuma ya nyumba yetu, hata hivyo, kimeandikwa paundi 5,000, na katika mambo haya kiungo dhaifu ndicho kinachotawala, hata kama ni kibao kidogo cha chuma kilichojaa kutu. Tulipita kwenye mizani ya malori, ile ya kulipia kwenye vituo vikubwa vya mafuta, matangi yakiwa yamejaa maji na kabati zimejaa mchele. Nyumba ilikuwa na paundi 13,600 na gari dogo 3,450, yaani kilo 1,565 hivi. Tukapumua.

Fundi aliing'oa bampa nzima ya mbele ya gari dogo, akafunga mabamba ya chuma kwenye fremu kwa bolti nene, akairudisha bampa, na kilichobaki kuonekana ni masikio mawili ya chuma chini ya kibao cha namba. Alivuta pia waya mpaka kwenye taa za nyuma, ili nikionyesha nakata kulia gari dogo nalo lionyeshe kulia. Gereji ya kwanza tuliyoipa kazi hiyo ilizibadilisha waya za kulia na kushoto, na kwa maili 200 nyumba ilikuwa ikisema kulia huku chura akisema kushoto, hadi msamaria mmoja alipotueleza kwenye kituo cha mapumziko. Tangu hapo hatuondoki kabla mmoja hajasimama nyuma na kutaja kila taa kwa sauti.

Kazi yenyewe ya kuunganisha naipenda, nami naieleza jinsi tunavyoifanya sisi. Lazima pawe tambarare na pamenyooka. Mama Zuhura hulileta gari dogo polepole nyuma ya nyumba, mimi nikisimama pembeni na kumwita kwa kiganja kama utingo wa lori, mpaka libaki pengo la hatua moja na nusu. Mkono wa kuvutia hukaa nyuma ya nyumba siku zote, umekunjwa na kufunikwa turubai. Nauteremsha, nauvuta matawi yake mawili, ambayo hurefuka na kufupika kama fimbo ya antena, na kila tawi nalipeleka kwenye sikio lake la chuma. Hapo napitisha pini yenye unene wa kidole gumba, na kwenye tundu dogo la ncha ya pini natia kibanio cha waya kinachoizuia isichomoke. Pini mbili, vibanio viwili. Zinafuata kebo mbili za usalama, ambazo napitisha chini ya mkono zikipishana, ili mkono ukikatika zipokee ncha yake isije ikachimba lami. Kisha ni waya wa umeme uliojiviringa kama wa simu za mezani za zamani. Wa mwisho ni uzi mwembamba wa chuma unaokwenda kwenye swichi iliyo mbele ya gari dogo, na kazi yake ni moja tu: iwapo vingine vyote vitakatika, uzi huo utaing'oa swichi, na gari dogo litajifungia breki lenyewe badala ya kwenda kutafuta mti.

Wakati huo Mama Zuhura yumo ndani akifanya ibada ya giaboksi. Huwasha injini, hukanyaga breki, huipitisha gia katika nafasi zake zote, kisha huiacha kwenye D, ya kwenda mbele, kwa sekunde tano, huirudisha N, yaani fri, na kuiacha injini ingurume kwa dakika tatu ili mafuta yaenee. Dakika hizo huzihesabu kwa saa ileile ya mkononi anayopimia mapigo ya wagonjwa, wala hajawahi kunipunguzia hata sekunde. Jambo moja haliruhusiwi kabisa, nalo ni kuifikia N ukitokea R, ya kurudi nyuma, na ukikosea unarudia tangu mwanzo. Baadaye huzima injini lakini ufunguo hubaki kwenye nafasi ya kwanza, kwa sababu ukiutoa, usukani utajifunga na magurudumu ya mbele hayatafuata kona. Katika nafasi hiyo betri hunyonywa taratibu siku nzima, jambo tulilolijua jioni ya safari ya pili tulipokuta gari halina hata uwezo wa kupiga honi, na ndiyo maana sasa kuna waya unaoichaji kutoka kwenye nyumba. Handibreki hushushwa. Ikifika hapo mimi naisogeza nyumba mbele kwa mwendo wa kobe huku yeye akisikiliza nje. Tawi la kwanza likinyooka hadi mwisho hujifunga na kulia ta. Ninakunja usukani kidogo, la pili nalo hulia ta. Asiponyanyua vidole viwili sisogei.

Kilichobaki ni breki, na breki ndiyo iliyonipa adabu. Watu huniuliza kwa nini gari dogo lihitaji breki zake wakati la mbele lina za kwake, nami huwajibu kwa kuwakumbusha kwamba ukisimama ghafla, zile kilo 1,565 hazina habari kwamba umesimama. Chombo chetu ni sanduku lenye ukubwa wa redio ya zamani, linalowekwa sakafuni mbele ya kiti cha dereva cha gari dogo. Mgongo wake unaegemea kiti, na mkono wake wa chuma unabana pedali ya breki. Ndani yake mna kihisi kinachotambua mwendo unapopungua, na nyumba ikipunguza mwendo, sanduku nalo linasukuma pedali kwa kiasi chake.

Mwaka 2021 tulikuwa tukitoka Colorado kwenda Montana kwa barabara ya I-25. Usiku wa kuamkia safari mke wangu alikuwa amelitumia gari na, kwa kimo chake, alikuwa amekisogeza kiti mbele. Asubuhi mimi, kwa haraka zangu, nikalipachika sanduku bila kukirudisha. Kiti kikalisukuma sanduku, sanduku likaegemea pedali, na tukaondoka hivyo, breki za gari dogo zikiwa zimekanyagwa kidogo tu, lakini bila kuachwa. Tulipoiacha Cheyenne nyuma niliona kwamba nyumba inakanyagiwa mafuta zaidi kuliko kawaida, nikausingizia upepo, kwa kuwa upepo wa Wyoming hausingiziwi bure. Lori lililokuwa nyuma likaanza kuniwashia taa. Nikadhani lina haraka, nikalipisha. Lilipofika ubavuni dereva wake akashusha kioo na kunyoosha kidole nyuma yangu, akakirudia mara mbili.

Nilipoegesha pembeni moshi ulikuwa bado unatoka kwenye magurudumu ya mbele ya chura, na harufu ya pedi zilizoungua ilikuwa imefika mpaka mlangoni kwetu. Diski zilikuwa zimegeuka rangi ya samawati, kama chuma kilichotoka kwa mhunzi. Nikakimbilia chupa ya maji. "Yaweke chini hayo, Baba Zuhura, utaipasua," mke wangu akasema, akachuchumaa, na kulisogelea kila gurudumu kwa mgongo wa kiganja bila kuligusa, akizunguka moja baada ya jingine kama anayewapima homa watoto wa nyumba moja. "Hawa wawili wa mbele wana homa kali. Wa nyuma joto tu." Siku ile gari letu zima lilipandishwa juu ya lori la kubebea magari mabovu, na pole ya dada ingefaa kabisa. Diski mbili na pedi zake ziligharimu kiasi ambacho sitakiandika hapa kwa sababu dada naye ni msomaji.

Kilichonikalia moyoni si fedha. Ni kwamba kwa maili zote zile sikuhisi kitu. Gari-nyumba la tani sita likivuta gari lililoshikwa breki linaona kama linapanda kilima kidogo tu. Tairi la chura likipasuka hutahisi, litaendelea kuburutwa hadi libaki rimu. Lingekuwa na mtu ndani, hata yule wa kamba na kitambaa chekundu, angepiga honi, angepunga shati dirishani. Hili liko kimya. Kwa hiyo tumenunua vihisi vidogo vinavyofungwa kwenye vali za matairi na kunitumia upepo wa kila tairi kwenye kioo kilicho mbele yangu, na kamera ya nyuma haizimwi. Reli ya kiti tumeipiga alama ya rangi nyeupe. Kabla ya kulipachika sanduku tunaikanyaga pedali mara kadhaa injini ikiwa imezimwa, ili nguvu ya kusaidia breki iliyobaki iishe na pedali iwe ngumu. Na baada ya maili tano za kwanza tunasimama popote panapofaa, Mama Zuhura anashuka na kipimajoto cha kulenga kwa mbali, anayapima magurudumu manne na kunisomea nambari. Wapo wanaotuona wendawazimu.

Kwenye milima ndipo nilipoelewa kwa nini chombo kile kisiachwe kwa kisingizio chochote. Barabara ya I-70 magharibi ya Denver hupita katika handaki la Eisenhower, zaidi ya mita 3,300 juu ya usawa wa bahari, na ukitoka upande wa magharibi unateremka kuelekea Silverthorne kwa mteremko unaofikia asilimia 7. Kando yake kuna njia za changarawe zinazopanda mlimani, za kuokolea malori yaliyoishiwa breki. Nilipoziona nilimkumbuka mjomba wangu akiteremka mlima wa Kitonga na lori la mahindi, utingo wake akiwa ameshikilia mlango kwa mkono mmoja na kabari kwa mwingine, tayari kuruka. Mjomba alikuwa na sheria moja: mlima unauteremka kwa gia ileile ambayo ungeupandia. Niliiweka nyumba gia ya pili kabla mteremko haujaanza, injini ikalalamika kwa sauti kubwa, wenye magari madogo wakanipita wakinitazama, na breki nikazigusa kwa vipindi, nikikanyaga na kuachia. Kila nilipokanyaga taa ndogo kwenye dashibodi iliwaka kuniambia kwamba na chura anakanyaga.

Mwendo kasi si wetu. Kitabu cha CR-V kinasema usizidi maili 65 kwa saa unapoivuta, na California sheria ya barabarani inamtaka kila anayevuta asizidi 55, kilometa 88 hivi, hata kama njia ni tupu. Mimi hujizuia kwenye 60 kwingineko. Nyumba inakula galoni moja ya petroli kwa maili 8, na kusema kweli sijaona tofauti kubwa kati ya kuvuta na kutovuta.

Kitu ambacho huwezi kukifanya kabisa ni kurudi nyuma. Ukirudisha tela la kawaida linakunja ukalinyoosha. Chura hakubali, kwa sababu magurudumu yake ya mbele yana hiari ya kugeuka, nayo hugeuka upande kama ya toroli la dukani, yakaanza kuburutwa ubavu huku yakiukunja mkono wa chuma. Hatua mbili tu na umeharibu. Niliwahi kuingia kituo cha mafuta katika mji mdogo wa Nebraska, pampu zikiwa zimeelekea ukuta wa duka, na nilipokwisha kujaza nikagundua kwamba mbele hapapitiki na nyuma kuna magari manne yanayosubiri. Kona niliyoingilia ilikuwa imeupinda mkono, na pini zilikuwa zimebanwa hazitoki. Nilitambaa chini na nyundo ya mpira, nikigonga, jua la Julai mgongoni, huku mzee mmoja mwenye pikapu akisimama juu yangu na kunishauri mambo ambayo hayakuwa na msaada. Dakika 20. Sasa naingia kwenye njia za malori tu, na mahali nisipopaona pa kutokea siingii, hata kama sindano ya mafuta imelala.

Pamoja na hayo yote, zipo siku ambazo gari dogo hulipa deni lake lote. Montana tulikuwa karibu na hifadhi ya Glacier, ambamo kuna barabara ya Going-to-the-Sun, iliyofunguliwa rasmi mwaka 1933, ikipanda hadi Logan Pass, mita 2,026. Imechongwa ubavuni mwa mwamba, ni nyembamba, na katika sehemu yake ya juu gari lenye urefu unaozidi futi 21 au upana unaozidi futi 8 haliruhusiwi. Wenye magari-nyumba waliokuja bila gari jingine walikuwa wakipanga foleni ya mabasi. Sisi tuliiacha nyumba kambini, tukachukua chai ya tangawizi kwenye chupa, na kupanda na CR-V yenye diski mpya asubuhi ya siku ya mapumziko ya mke wangu. Juu kule theluji ilikuwa bado imelala kando ya njia mwezi wa saba. Mama Zuhura ndiye aliyeendesha. Mimi nilikaa upande wa abiria, na kwa mara ya kwanza katika safari ile sikuwa na sababu ya kutazama kioo cha nyuma.

Kufungua ni kazi ya dakika tano iwapo uwanja ni tambarare. Tukifika kambi mpya nalegeza matawi, nachomoa vibanio, kisha pini, nazitia mfukoni, nakunja mkono na kuufunika. Yeye huondoa sanduku la breki, hukirudisha kiti mbele kwenye kipimo chake, huwasha gari, na siku ya kwanza ya mkataba, saa 12:20 jioni, huondoka kwenda zamu akiniacha nikihangaika na mabomba.

Mkataba wa sasa unaisha wiki ya kwanza ya mwezi ujao, na safari inayofuata ni ya maili 900 kuelekea kusini. Kibanio kimoja kimepinda kiasi kwamba hakiingii tena bila koleo. Nimeagiza vinne vipya, na cha zamani nimekitupa ili nisije nikashawishika.